Jan Koller: Mshambuliaji Aliyelelewa Langoni

Mshambuliaji wa mpira wa miguu hupimwa kwa kawaida kwa kipimo kimoja, yaani idadi ya mabao, na kwa kipimo hicho historia ya timu ya taifa ya Jamhuri ya Czech haina ubishi wowote kuhusu nani aliye mbele. Jan Koller, aliyezaliwa Prague tarehe 30 Machi 1973, aliifungia timu hiyo mabao 55 katika mechi 91 alizocheza kati ya mwaka 1999 na 2009, akafuatiwa kwa mbali na Milan Baroš mwenye mabao 41, huku rekodi ya zamani ya Antonín Puč, aliyeifungia Czechoslovakia mabao 34 kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ikiachwa nyuma kabisa. Pamoja na hayo, Wacheki wanapoulizwa kuhusu mchezaji bora wa kizazi hicho, jibu la haraka huwa ni Pavel Nedvěd, na jina la Koller likitajwa hutanguliwa na kimo chake, sentimita 202, kana kwamba mabao yote hayo yalifungwa na urefu wenyewe na mchezaji alikuwa amebebwa tu juu yake. Uchambuzi huu unachunguza uhusiano wa vitu hivyo viwili, kimo na kazi, na unashikilia kwamba urefu ulieleza sehemu ndogo tu ya mafanikio ya mchezaji huyu, kwa sababu sehemu iliyo kubwa ilitokana na malezi yake ya awali kama mlinda mlango na namna alivyowafungulia njia washambuliaji waliocheza ubavuni mwake.

Koller alikulia Smetanova Lhota, kijiji cha Bohemia ya Kusini karibu na mji wa Písek, na katika ngazi ya vijana alifundishwa kudaka kabla ya kugeuzwa mshambuliaji. Jambo hili husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha maisha yake, lakini likitazamwa kiufundi lina uzito mkubwa, kwa maana kipa na mshambuliaji wa mipira ya juu wanasoma somo moja wakiwa pande mbili za mpira. Kipa anayetoka langoni kuikabili krosi, yaani mpira unaopigwa kutoka pembeni kuelekea mbele ya lango, hulazimika kukadiria mapema kitu ambacho mabeki wengi hukigundua kwa kuchelewa: mpira utashuka wapi, utapita juu ya kichwa cha nani, na ni hatua ngapi zinazofaa kupigwa kabla ya kuruka. Anayezijua hesabu hizo kutoka upande wa kujilinda anazijua pia kutoka upande wa kushambulia, tena anajua ni wapi kipa hapendi mpira uangukie. Ukiyatazama mabao ya kichwa ya Koller utaona kwamba mara nyingi haruki juu sana, kwani mtu wa kimo chake hana haja ya kufanya hivyo, bali hufika mapema mahali mpira unapokuja, akasimama imara, na kumwachia beki kazi ngumu ya kumpanda mgongoni.

Alipojiunga na Sparta Prague mwaka 1994, akitokea klabu ndogo ya Milevsko, Koller alikuwa na umri wa miaka 21 na bado hakuwa mtu wa kutazamiwa makubwa. Sparta ilikuwa klabu yenye mazoea ya kutwaa ubingwa, nayo ilitwaa ubingwa wa msimu wa 1994-95 akiwa kikosini, ila mabao yake ya ligi yalikuwa machache na nafasi yake haikuwa ya uhakika. Hapa ndipo inapofaa kutazama mazingira yaliyomzunguka. Chini ya utawala wa kikomunisti wachezaji wa Czechoslovakia hawakuruhusiwa kwenda kucheza Magharibi hadi umri wao uwe umesogea sana, na mfano unaojulikana ni Antonín Panenka, fundi wa penalti ya kudokoa iliyoipa nchi hiyo Kombe la Ulaya mwaka 1976, ambaye aliruhusiwa kuhamia Rapid ya Vienna akiwa amevuka miaka 30. Mabadiliko ya mwaka 1989 yaliuvunja ukuta huo: Tomáš Skuhravý, aliyefunga mabao matano katika Kombe la Dunia la 1990, alikwenda Genoa mara moja, na miaka michache baadaye Pavel Kuka akahamia Kaiserslautern. Kwa hiyo Koller aliingia kwenye soka ya kulipwa wakati mlango ulikuwa wazi, ila mlango uliofunguliwa kwa wote hauwapeleki wote mahali pamoja.

Mwaka 1996 unaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi kuliko mwaka mwingine wowote. Katika fainali za Ulaya zilizochezwa Uingereza, kizazi cha Nedvěd, Karel Poborský, Vladimír Šmicer na Patrik Berger kilifika fainali na kushindwa na Ujerumani kwa bao la dhahabu la Oliver Bierhoff, yaani bao la muda wa nyongeza lililomaliza mchezo papo hapo, na baada ya hapo soko la Ulaya likawachukua: Nedvěd akaenda Lazio, Poborský akaenda Manchester United, Šmicer akaenda Lens, Berger akaenda Liverpool. Majira hayohayo ya kiangazi Koller, aliyezaliwa mwaka mmoja na Šmicer na Berger, naye aliondoka Prague, ila safari yake iliishia Lokeren, klabu ya mji wa wastani huko Flanders, Ubelgiji, ambayo watu wengi waliokuwa wakitazama fainali zile hawakuwa wameisikia. Vijana wenzake walinunuliwa kwa yale waliyokwisha kuyafanya mbele ya macho ya dunia, naye alichukuliwa kwa kubahatisha, kama mkulima anavyopanda mbegu moja katika kona ya shamba aone kama udongo utaikubali.

Udongo uliikubali, japo taratibu. Ligi ya Ubelgiji ya miaka ile ilimfaa mchezaji wa aina yake kwa sababu ilikuwa ligi ya mpito, mahali ambapo klabu huwapokea wachezaji wasiokamilika na kuwauza wakiwa wameiva, na ambapo kocha wa klabu ya katikati ya msimamo anaweza kumvumilia mshambuliaji kwa msimu mzima bila mashabiki kuchoma moto viti. Katika miaka mitatu ya Lokeren, Koller alijifunza kitu ambacho Sparta haikuwa na nafasi ya kumfundisha, nacho ni kuwa mshambuliaji wa kulengwa. Istilahi hii inamhusu mshambuliaji anayesimama mbele kabisa ili mipira mirefu kutoka nyuma imlenge yeye, aipokee mgongo wake ukielekea lango la wapinzani, aizuie kwa kifua, paja au kichwa, kisha awadondoshee wenzake wanaokuja kwa kasi. Kazi hii huonekana rahisi kwa mtazamaji, ilhali ndiyo inayochosha mwili kuliko zote, maana anayeifanya hupigwa viwiko na magoti dakika zote tisini, na mwamuzi, akiona jitu limeanguka mbele ya mtu mfupi, hutoa hukumu dhidi ya jitu. Msimu wa 1998-99 ulipomalizika, Koller alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ubelgiji kwa mabao 24, na Anderlecht, klabu kubwa ya Brussels, ikamsajili.

Kabla ya msimu huo kwisha alikuwa tayari ameitwa timu ya taifa, akiwa karibu kutimiza miaka 26, umri ambao washambuliaji wengine huwa wamekwisha kuzoea jezi ya nchi. Mechi yake ya kwanza ilichezwa Februari 1999 dhidi ya Ubelgiji, nchi iliyokuwa imemkuza, naye akafunga. Jamhuri ya Czech ilishinda mechi zake zote kumi za kufuzu kwa Euro 2000, na kuanzia hapo mtu aliyechelewa kuanza akawa nguzo ambayo timu ilijengwa juu yake kwa muda wa karibu miaka kumi.

Anderlecht ndipo ulipoanza mtindo ambao ungejirudia katika maisha yake yote ya uchezaji, nao ni wa jozi. Mwenzake wa mbele alikuwa Tomasz Radzinski, Mkanada aliyezaliwa Poland, mtu mfupi mwenye mbio kali, na wawili hao waligawana kazi bila kuingiliana: mrefu aliwavuta mabeki wa kati wote wawili kwake, mfupi akapita kwenye uwazi walioacha nyuma yao. Klabu ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2000 na 2001, na katika Ligi ya Mabingwa ya msimu wa 2000-01 iliongoza kundi lililokuwa na Manchester United, PSV Eindhoven na Dynamo Kyiv, ikiifunga United mabao 2-1 mjini Brussels kwa mabao mawili ya Radzinski. Koller alipewa Kiatu cha Dhahabu cha Ubelgiji cha mwaka 2000, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya nchi hiyo, na msimu uliofuata mfungaji bora wa ligi akawa Radzinski. Mpangilio huo wa tuzo unaeleza mengi. Klabu ilikuwa na washambuliaji wawili waliopokezana sifa, na kila mmoja alifunga zaidi kwa sababu mwenzake alikuwepo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika mfumo wa washambuliaji wawili usemi huo ni maelezo ya kiufundi kabisa.

Borussia Dortmund ilimnunua mwaka 2001 na kumweka mbele pamoja na Mbrazil Márcio Amoroso, aliyetoka Parma, huku nyuma yao akiwepo Tomáš Rosický, Mcheki mwenzake aliyetokea Sparta miezi michache kabla. Kocha Matthias Sammer alikuwa na timu ya gharama kubwa, gharama ambayo baadaye ingeiponza klabu hadi ukingoni mwa kufilisika mwaka 2005, lakini katika msimu wa kwanza wa Koller mambo yalikuwa mazuri. Siku ya mwisho ya ligi, tarehe 4 Mei 2002, Dortmund ilikuwa nyumbani dhidi ya Werder Bremen ikihitaji ushindi, ikatanguliwa kufungwa, Koller akasawazisha kabla ya mapumziko, na Ewerthon, Mbrazil mwingine mwenye mbio, akafunga la ushindi katika kipindi cha pili. Ubingwa ukapatikana kwa tofauti ya pointi moja dhidi ya Bayer Leverkusen. Amoroso alimaliza akiwa miongoni mwa wafungaji bora wawili wa Ujerumani kwa mabao 18. Siku nne baada ya ubingwa huo, katika fainali ya Kombe la UEFA iliyochezwa Rotterdam, Dortmund ilishindwa na Feyenoord kwa mabao 3-2 ikiwa na wachezaji kumi tangu kipindi cha kwanza, na bao la pili la Wajerumani, shuti la mbali, lilikuwa la Koller. Shuti hilo linafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba mguu wake ulikuwa wa kusimamia tu.

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya rekodi yake ya taifa ni kwamba mabao mengi yalifungwa dhidi ya mataifa madogo, San Marino likiwa mfano unaopendwa, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwa sababu katika fainali kubwa nne alizoshiriki Koller alifunga mabao manne tu kati ya yale 55. Lakini anayetaka kuitumia hoja hiyo kumshusha hadhi atalazimika kueleza Ligi ya Mabingwa ya msimu wa 2002-03. Dortmund iliwekwa katika kundi moja na Real Madrid na AC Milan, na Koller alifunga Madrid, akafunga tena nyumbani dhidi ya Real hiyohiyo, kisha akafunga bao pekee la ushindi wa 1-0 dhidi ya Milan katika uwanja wa San Siro. Mabeki waliokabidhiwa kazi ya kumzuia katika mechi hizo walikuwa miongoni mwa bora duniani, na Milan ilitwaa kombe lenyewe miezi miwili baadaye. Dortmund ilitolewa kwa upungufu wa pointi moja, baada ya kijana wa Real, Javier Portillo, kusawazisha katika dakika za majeruhi katika mechi ambayo bao la Koller lilikuwa limeiweka mbele tangu kipindi cha kwanza.

Katika kipindi hichohicho kilitokea kisa ambacho kimemfanya ajulikane hata na watu wasiojua klabu zake. Tarehe 9 Novemba 2002 Dortmund ilicheza mjini München dhidi ya Bayern, Koller akaifungia bao la kuongoza mapema, Torsten Frings wa Dortmund akatolewa kwa kadi, na Bayern ikageuza matokeo kuwa 2-1. Kisha kipa Jens Lehmann naye akaoneshwa kadi nyekundu wakati Sammer alikuwa amekwisha kutumia nafasi zote tatu za kubadilisha wachezaji. Koller alivaa glavu na jezi ya kipa, akasimama langoni kwa zaidi ya dakika ishirini dhidi ya timu bora ya Ujerumani iliyokuwa na wachezaji wawili zaidi, na hakufungwa hata bao moja. Kinachostahili kuangaliwa hapo ni jinsi alivyodaka zaidi ya ukweli kwamba alidaka. Mchezaji wa ndani anayelazimishwa kwenda langoni kwa kawaida hubaki ameganda kwenye mstari akisubiri majaaliwa. Koller alitoka kuikabili mipira, akajipanga kwa pembe sahihi na kuuangukia mpira kama mtu anayelijua eneo lake, kwa sababu alilijua kweli. Washambuliaji wa Bayern walikuwa wamekutana na kijana wa Smetanova Lhota jinsi alivyokuwa kabla makocha hawajabadili mawazo.

Kwa timu ya taifa, kocha Karel Brückner alichukua mtindo uleule wa jozi na kuupa sura iliyokamilika zaidi, mwenzake wa mbele akiwa Milan Baroš, kijana wa Liverpool mwenye mbio na ukaidi wa kukimbia na mpira hadi ukutani. Timu hiyo ilikuwa imekosa Kombe la Dunia la 2002 kwa kufungwa bao 1-0 nyumbani na ugenini na Ubelgiji katika mchujo wa mwisho wa Novemba 2001, kejeli ya pekee kwa mchezaji aliyelelewa huko. Miaka miwili na nusu baadaye, katika Euro 2004 nchini Ureno, ilicheza soka ambayo wengi waliitazama kama bora kuliko zote katika mashindano yale. Mechi dhidi ya Uholanzi mjini Aveiro, tarehe 19 Juni, inatosha kuwa somo zima. Waholanzi walikuwa wameongoza 2-0 kabla ya dakika ya ishirini. Bao la kwanza la Wacheki lilitoka kwa Baroš aliyenasa mpira ulioponyoka, akaingia nao na kumwekea Koller, aliyemalizia. La pili lilitoka kwa Koller, aliyeupokea mpira wa Nedvěd kwa kifua na kumdondoshea Baroš, ambaye aliupiga kabla haujagusa nyasi. La tatu likafungwa na Šmicer dakika chache kabla ya kipenga. Katika robo fainali dhidi ya Denmark, iliyokwisha kwa 3-0, Koller alifunga kwa kichwa kutokana na kona mwanzoni mwa kipindi cha pili, na mara Wadenmark walipolazimika kusogea mbele Baroš akafunga mawili ndani ya dakika tatu nyuma yao.

Baroš alitunukiwa kiatu cha dhahabu cha mashindano kwa mabao matano, na Koller alimaliza na mawili. Anayesoma orodha ya wafungaji peke yake ataona kijana aliyeng'ara na mzee aliyesindikiza. Anayetazama mechi ataona kwamba kazi ya kuwashughulisha mabeki wawili kwa wakati mmoja, na ya kuugombea mpira hewani ili mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya watu kugongana, uangukie miguuni mwa Nedvěd au Baroš, haina safu yake katika jedwali lolote la takwimu za miaka ile. Rekodi ya mabao 55 imemtendea Koller jambo la ajabu: imemtukuza kwa kitu kilichokuwa nusu ya kazi yake na kuificha nusu nyingine.

Aliyeielewa kazi hiyo vizuri kuliko watu wote mwaka ule alikuwa Otto Rehhagel, Mjerumani aliyeifundisha Ugiriki. Katika nusu fainali ya Porto, tarehe 1 Julai 2004, hakujaribu kushindana na Koller kwa urefu peke yake. Alimwekea kila mshambuliaji wa Czech mlinzi wake wa kumfuata popote aendako, mtindo ambao wataalamu wengi walidhani umekwisha kuzikwa, na nyuma yao akamweka Traianos Dellas huru, ili kila mpira ambao Koller angeudondosha umkute mtu wa kuuokota. Kwa maneno mengine alimwachia Koller mpira wa kwanza na kuwanyima wenzake wa pili. Nedvěd aliumia goti na kutoka kabla ya mapumziko, jambo lililorahisisha mpango huo, na mechi ikaingia muda wa nyongeza bila bao. Kanuni iliyotumika wakati ule iliitwa bao la fedha: timu iliyokuwa mbele mwishoni mwa nusu ya kwanza ya muda wa nyongeza ilihesabiwa mshindi, bila nusu ya pili kuchezwa. Katika dakika ya mwisho ya nusu hiyo Ugiriki ilipata kona, na Dellas akafunga kwa kichwa. Timu yenye mpiga vichwa anayeogopwa kuliko wote barani Ulaya ilitolewa kwa kichwa cha beki, na hapakubaki muda wa kujibu.

Septemba 2005 Koller alichanika ligamenti ya goti, ile kano ya ndani inayouzuia mfupa wa chini usiteleze mbele, na akakosa sehemu kubwa ya msimu wake wa mwisho Dortmund, ambako kwa jumla alifunga mabao 59 katika mechi 138 za ligi. Alirejea kwa wakati wa Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani, na mechi ya kwanza dhidi ya Marekani, iliyochezwa Gelsenkirchen tarehe 12 Juni, ilikuwa na dakika tano tu alipofunga kwa kichwa krosi ya Zdeněk Grygera. Kabla ya mapumziko alitolewa nje kwa machela, msuli wa paja ukiwa umechanika. Jamhuri ya Czech ilishinda mechi hiyo 3-0, na haikufunga tena bao lolote katika mashindano yale.

Haya ndiyo majaribio ya karibu zaidi na ya maabara ambayo historia ya soka inaweza kumpa mchambuzi, kwa maana timu ilibaki ileile, kocha yuleyule, Nedvěd na Rosický wakiwepo, na kilichoondolewa ni kitu kimoja. Hata hivyo, haki inadai kusema kwamba Baroš naye alikuwa majeruhi na kwamba wapinzani waliofuata hawakuwa wa kubezwa. Mbadala wa Koller alikuwa Vratislav Lokvenc, mtu mwenye urefu unaokaribia wake na mpiga vichwa wa kuaminika, na kama urefu ungekuwa ndio siri, pengo lingezibwa. Dhidi ya Ghana mjini Köln, tarehe 17 Juni, Lokvenc aligombea mipira ya juu kama kawaida, lakini mipira ikadondoka kwa Waghana, ambao viungo wao walikuwa na nguvu na mbio za kuifikia kwanza. Asamoah Gyan alifunga katika dakika ya pili, Sulley Muntari akamaliza kazi, na ushindi huo wa 2-0, wa kwanza wa Ghana katika historia ya Kombe la Dunia, ulikuwa pia onyesho la jinsi timu ya Wacheki ilivyopwaya pale ilipompoteza mtu aliyejua kuutuliza mpira na si kuugonga tu. Lokvenc alikuwa amepata kadi ya njano katika kila mechi, hivyo akakosa ya tatu, na Italia ikaifunga timu hiyo 2-0 na kuirudisha nyumbani.

Miaka ya mwisho ya klabu haihitaji maneno mengi. Alikwenda Monaco mwaka 2006, akarudi Ujerumani kwa Nürnberg Januari 2008 na kushuka nayo daraja, akacheza Samara nchini Urusi na Krylia Sovetov, na kumalizia Cannes, katika daraja la tatu la Ufaransa, alikostaafu mwaka 2011. Kushuka huko kulikuwa na sababu mbili zilizokutana. Moja ni umri na goti. Nyingine ni kwamba soka yenyewe ilikuwa inabadilika: makocha wa nusu ya pili ya muongo ule walianza kuacha mfumo wa washambuliaji wawili na kumweka mmoja mbele ya viungo watatu, na huyo mmoja alitakiwa akimbie pembeni, awabane mabeki wanapoanza kupasiana, na aingie nyuma yao, yaani afanye kazi za Koller na za Radzinski kwa mwili mmoja. Mchezaji ambaye ustadi wake wote ulikuwa umejengwa juu ya kuwepo kwa mwenzake alibaki kama mwashi ambaye msaidizi wake ameachishwa kazi.

Brückner mwenyewe alikumbwa na utata huo katika Euro 2008. Dhidi ya Uswisi alimwanzisha Koller peke yake mbele, timu haikuwa na makali, na bao la ushindi likafungwa na Václav Svěrkoš aliyeingia badala yake. Dhidi ya Ureno alimwanzisha Baroš badala ya Koller, na timu ikafungwa 3-1. Jozi ya 2004 ilikuwa imegeuzwa kuwa swali la kuchagua mmoja kati ya wawili, na hakuna jibu lililofaa. Ikabaki mechi ya tatu, dhidi ya Uturuki mjini Geneva, tarehe 15 Juni, timu zote mbili zikiwa na pointi sawa na tofauti ya mabao sawa kabisa, kiasi kwamba kanuni zilielekeza sare iamuliwe kwa mikwaju ya penalti mara baada ya dakika tisini. Koller alifunga kwa kichwa kipindi cha kwanza, Jaroslav Plašil akaongeza la pili, na robo saa kabla ya mwisho Arda Turan akapunguza. Kisha Petr Čech, kipa aliyehesabiwa miongoni mwa bora duniani, akaponyokwa na mpira wa krosi ambao kipa yeyote huudaka usingizini, Nihat Kahveci akasukumia wavuni, na dakika mbili baadaye Nihat huyohuyo akafunga la tatu kwa shuti lililogonga mtambaapanya na kuingia.

Katika dakika za nyongeza kipa wa Uturuki, Volkan Demirel, alimsukuma Koller akaanguka, na mwamuzi akamtoa kwa kadi nyekundu. Waturuki hawakuwa na nafasi ya kubadilisha mchezaji, kwa hiyo mshambuliaji wao, Tuncay Şanlı, alivaa glavu na kwenda kusimama golini. Hali ya München ya mwaka 2002 ilikuwa imejirudia, ila safari hii aliyekuwa langoni hakuwa na malezi ya langoni, na aliyekuwa mbele yake ndiye mtu pekee uwanjani aliyejua kwa uzoefu jinsi lango linavyoonekana pana kwa mshambuliaji aliyevikwa glavu. Bao moja lingepeleka mechi kwenye penalti, Tuncay akiwa ndiye mdakaji. Wacheki walikuwa na muda wa kupiga mipira miwili mitatu mirefu kuelekea kwenye kichwa cha Koller, lakini Baroš hakuwa amecheza hata dakika moja siku ile, na mipira ilipodondoka haikumkuta mtu.